Timu Iliyohama kwa Malori

Fomu ya kazi yangu ilikuwa na kisanduku kimoja kilichonisumbua kuliko vyote. Joto la mwili, mapigo ya moyo, maji aliyokunywa, choo, hivyo nilivijaza bila kuwaza. Lakini chini kabisa, juu ya mahali pa kutia sahihi, paliulizwa: Je, leo mgonjwa alichanganyikiwa? Ndiyo au hapana. Kama ndiyo, andika alichosema.

Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi Nakuru miaka sita kabla ya kuja Doha, na sikuwahi kuulizwa swali hilo kwa maandishi. Kwenye wodi, mtu akichanganyikiwa unamjua. Anavua nguo mbele ya wageni, anamwita mama yake aliyekufa zamani, anataka kwenda kukamua ng'ombe aliyekwisha kuuzwa. Huyu mzee niliyepelekwa kumtunza hakuwa hivyo. Alikaa kwenye kiti chake kando ya dirisha, nywele amechana, shati amefunga vifungo vyote, na alizungumza kwa sauti ya mtu anayejua anachokisema.

Alikuwa Mmarekani, mhandisi wa madaraja aliyestaafu, umri wake miaka themanini na mmoja. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake, aliyefundisha chuo kikuu hapo Doha, alikuwa amemchukua aishi naye ghorofa ya kumi na tisa kule West Bay. Binti alitoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni. Katikati ya saa hizo nilikuwepo mimi. Nilipanda metro Al Mansoura, nilikokuwa nikiishi na wenzangu watatu, nikabadilisha treni Msheireb, na saa moja kasoro dakika kumi nilikuwa ndani ya lifti.

Siku ya kwanza aliniangalia kuanzia viatu mpaka ubao wangu wa kuandikia, akasema, "Umechelewa, kocha."

Sikuwa nimechelewa, na sikuwa kocha. Kabla sijajibu akaniuliza ni timu gani ilicheza msimu mzima bila kushindwa hata mara moja, kisha ikachukua na kombe. Nikamuuliza mchezo gani. Akasema mpira wa miguu. Nikamwambia kwamba kaka zangu nyumbani ndio wanaofuata mpira, tena timu za Uingereza, mimi sijui sana. Akatikisa kichwa kwa huruma. Akainama, akatoa chini ya kiti mpira wa kahawia, umechongoka huku na huku kama papai lililokomaa.

"Huu ndio mpira," akasema.

Nikauliza kitu cha umbo hilo kinapigwaje teke. Akasema kwa kawaida hakipigwi teke, kinabebwa mkononi au kinarushwa. Nikauliza mbona basi unaitwa mpira wa miguu. Akaugeuza mpira mikononi, akasema amekuwa duniani miaka themanini na mmoja na hakuna mtu aliyewahi kumjibu swali hilo.

Jioni ile niliandika: Ndiyo. Anadhani mimi ni kocha. Anasema mpira wa miguu unachezwa kwa mikono.

Wiki zilizofuata nilijaribu kuuelewa ule mchezo, maana Jumatatu asubuhi alikuwa anaangalia mechi iliyochezwa Marekani Jumapili, binti yake alimrekodia. Nilikaa karibu naye na chupa ya karak niliyokuwa nimenunua dukani chini ya nyumba yetu, chai yenye iliki na maziwa mengi, aliyoipenda kuliko kahawa. Alinieleza kwamba timu inapewa majaribio manne ya kusogea yadi kumi, ikisogea inapewa mengine manne. Nilielewa hilo. Lakini kwenye skrini niliona watu wakubwa wamevaa kofia za chuma wakiinama, wakigongana, wakaanguka wote, kisha wakasimama kuzungumza kwa muda mrefu kuliko walivyocheza. Saa ikasimamishwa. Wazee wenye makaratasi wakapiga kelele pembeni. Nikamuuliza mzee kama wameanza. Akasema wamekaribia kumaliza.

Nilikuwa nimemwomba aniruhusu nimwite Mzee. Nilimweleza kwamba kwetu si tusi, ni heshima. Alilipenda neno hilo, akalitamka vibaya kila siku.

Na siku nyingi alinieleza mambo. Aliniambia kulikuwa na mji mmoja wa mashariki uliolala ukiwa na timu na kuamka hauna, kwa sababu mwenye timu aliita malori usiku, theluji ikianguka, yakapakia kofia na viatu na makabati, yakaihamishia jimbo jingine. Miaka ikapita, akasema, mji huohuo ukapata timu iliyotoka mji mwingine, ila timu hiyo ilipohama iliacha nyuma jina lake na historia yake yote, ikafika kama mtoto mchanga. Nikamuuliza historia inaachwaje nyuma. Akasema kwa mkataba.

Aliniambia kwamba wakati wa vita kuu, wachezaji walipokwenda jeshini, timu mbili zilizochukiana ziliunganishwa zikawa moja, zikawa na makocha wakuu wawili wasiopatana, na mmoja wa wadakaji wao alikuwa haoni jicho moja. Aliniambia mchezaji mmoja mkubwa aliokota mpira, akakimbia nao uwanja karibu wote kwa furaha, akafika mwisho, akautupa juu kusherehekea, kumbe alikuwa amekimbilia upande wake mwenyewe na kuwapa wapinzani alama. Aliniambia kuna namna ya kurusha mpira inayoitwa Salamu Maria. Mimi ni Mkatoliki, na kidogo nilikasirika. Aliniambia timu mbili za mji mkubwa kuliko yote Marekani hazichezi katika mji huo wala katika jimbo hilo. Na aliniambia, kwa utulivu wa mtu anayetaja saa, kwamba kuna mtu mmoja ambaye timu zilipochagua wachezaji wapya alitajwa karibu mwisho wa orodha, vijana mia na tisini na zaidi wakitajwa kabla yake, na mtu huyo peke yake ana makombe mengi kuliko timu yoyote ile.

"Mzee, mtu mmoja anawezaje kuwa na makombe mengi kuliko timu nzima?"

"Hilo ndilo swali, kocha," akasema, na kurudi kuangalia dirishani.

Yote hayo niliyaandika. Niliyaandika kwa uaminifu, neno kwa neno kadiri nilivyoweza, na kila nilipoyaandika niliweka alama kwenye ndiyo. Mwezi ulipoisha, fomu zilikuwa zimejaa malori, theluji, makocha wawili na mdakaji wa jicho moja.

Siku nyingine niliweka hapana. Hizo zilikuwa siku ambazo aliongea mambo ya kawaida. Alisema amekwisha kumeza dawa zake za asubuhi. Alisema binti yake amempigia simu saa sita. Alisema mke wa kaka yake ameahidi kumwokea mkate wa ndizi, na kwamba watakuja wote wawili Krismasi. Kaka huyo alimpigia simu kila Jumatatu saa kumi jioni, kwao ikiwa asubuhi, wakabishana timu ipi ni bora kuliko zote zilizowahi kuwepo. Mzee alisimamia ile ambayo haikushindwa msimu mzima. Kaka yake, nilivyofahamu kwa kusikiliza upande mmoja, alisimamia ile ya yule mtu wa makombe, iliyotawala karibu miaka ishirini. Mzee alisema kutawala si kutoshindwa. Sijui kaka alisema nini, lakini mzee aliweka simu kifuani na kuniambia kaka yake amezaliwa mjinga. Siku hizo za ubishi nilimwona kuwa mzima kabisa.

Daktari alikuja mwishoni mwa mwezi. Alikuwa Msudani mpole, mwenye haraka, aliyezunguka nyumba nyingi kwa siku. Alisoma fomu zangu akiwa amesimama jikoni. Alipofika kwenye ile timu iliyoacha historia yake nyuma, alisoma mara mbili. Akaniuliza kama mzee anasema haya kwa hasira. Nikasema hapana, anasema kama mwalimu. Akaniuliza kama yanazidi. Nikahesabu, nikasema yanazidi. Akaandika kidonge kidogo cheupe cha kumtuliza, kimoja asubuhi na kimoja jioni, akazungumza na binti kwa simu, binti akakubali.

Kidonge kilifanya kazi yake. Baada ya siku nne mzee aliacha kuniita kocha. Baada ya wiki aliacha kuniuliza chochote. Jumatatu mechi ilipita mbele yake naye macho yako wazi, lakini timu ikifunga au ikifungwa hakusema neno. Karak ilipoa kwenye kikombe. Nilimwuliza mimi, kwa mara ya kwanza, ni timu gani haikushindwa msimu mzima. Akanitazama kama mtu anayesikia mlango unagongwa nyumba ya jirani.

Kwenye fomu niliandika hapana, hapana, hapana. Kwa mujibu wa karatasi alikuwa anapona.

Nilimweleza mwenzangu mmoja nyumbani, dada wa Mombasa aliyekuwa akifanya kazi ya mapokezi hotelini, kwamba sielewi kwa nini siku njema za mgonjwa zinaniumiza. Akasema labda nimemzoea. Nikasema labda. Lakini haikuwa hivyo tu. Kuna kitu nilikuwa sikioni, na sikujua hata ni upande gani nikitafute.

Jumatatu iliyofuata simu iliita saa kumi, mzee akiwa amelala kitini. Kwa kawaida sikuigusa. Iliita mpaka ikakatika, ikaita tena, na mara ya tatu niliichukua, nikatoka nayo varandani. Ilikuwa Januari, upepo wa baharini una ubaridi kidogo, na sauti iliyonijia ilifanana na ya mzee hata nikageuka kumtazama.

Kaka yake alitaka kujua kuna nini. Wiki mbili sasa hawabishani, anajibiwa ndiyo na sawa tu. Nikamweleza kwa adabu kwamba mgonjwa alikuwa amechanganyikiwa sana, kwa hiyo daktari amempa dawa. Akauliza amechanganyikiwa vipi. Nakala za fomu zilikuwa kwenye ubao wangu. Nikaanza kumsomea.

Nikamsomea timu iliyohama kwa malori usiku kwenye theluji. Akaniomba niendelee. Nikamsomea timu mbili zilizoungana wakati wa vita, na mdakaji wa jicho moja. Akacheka. Nikamsomea aliyekimbia upande wake mwenyewe. Akacheka zaidi. Kisha nikamsomea mtu mwenye makombe kuliko timu yoyote, na hapo akaacha kucheka.

"Dada," akasema, "hayo yametokea."

"Yapi?"

"Yote. Hayo yote yametokea. Muulize mtu yeyote."

Nilifunua karatasi za nyuma. Nikamuuliza, hata ile ya historia kuachwa nyuma kwa mkataba? Akasema hata hiyo. Nikamuuliza na Salamu Maria? Akasema hiyo nitaisikia kila Jumapili. Nikauliza na mimi kuitwa kocha? Akaniuliza kama huwa nasimama pembeni nimeshika ubao wenye makaratasi nikiandika kila mtu anachofanya. Nikasema ndiyo. Akasema basi.

Nilitaka kusema kitu cha kumpa moyo, yeye na mimi pia. Nikasema walau anamkumbuka yeye vizuri, na anangojea kwa hamu mkate wa ndizi wa mkewe, ingawa Krismasi hawakuja.

Akaniomba nirudie hilo la mkate, nikarudia.

"Mke wangu alikufa miaka minne iliyopita," akasema. "Ndugu yangu mwenyewe alikuwa mmoja wa waliobeba jeneza."

Siku ile ya mkate wa ndizi nilikuwa nimeandika hapana.

Sikumbuki nilivyoaga. Nakumbuka nilirudi ndani nikakaa kwenye kiti cha jikoni, nikapitia zile karatasi moja baada ya nyingine, na kila ndiyo nikaona ni hapana, na kila hapana sikujua tena ni nini. Alisema amemeza dawa: je, alikuwa amemeza? Alisema binti amempigia: nilimwamini kwa sababu mabinti hupiga simu. Kila lililonishangaza lilikuwa kweli, na lililo jepesi kuaminika sikulipima hata mara moja.

Jioni ile kule Al Mansoura yule dada wa Mombasa aliniambia ninyamaze. Alisema kosa hili likifika ofisini kwa kampuni iliyoniajiri, wao hawataangalia mpira, wataangalia jina langu, na viza yangu iko mikononi mwao. Aliniambia niache tu kuandika, kidogo kidogo, daktari ataona mwenyewe. Hakusema vibaya, alisema kama mtu aliyeona wengi wakirudishwa nyumbani. Nikaamka asubuhi nikiwa nimeamua kunyamaza. Mpaka treni inafika Msheireb nilikuwa bado nimeamua. Lifti ilipofunguka nikamkuta binti mlangoni anatafuta funguo, nikamwambia yote hapo hapo, nimesimama, mkoba begani.

Alirudi ndani, akaketi, akaniomba zile fomu. Alizisoma zote. Nilingoja anikaripie. Badala yake akasema jambo ambalo sikulitegemea.

"Nilizisoma hizi kila jioni," akasema. "Na mimi niliamini amechanganyikiwa."

Alikulia katika nyumba ya ubishi huo, akasema. Baba na baba mdogo wakianza kubishana mezani, yeye alichukua sahani yake akaenda chumbani. Aliyachukia yale mazungumzo. Hili la malori alilisikia akiwa mdogo, akadhani ni hadithi ya kazini kwa baba, ya daraja fulani. Alikuwa mwalimu wa chuo kikuu, mwanawe wa damu, na hakujua zaidi yangu. Sikujua kama nimeonewa huruma au nimeonywa. Alifunga zile karatasi, akaenda kazini, akachelewa.

Daktari alikuja siku ya pili. Nilimweleza, nikamwona anaminya midomo.

"Kwetu Sudan mpira ni mpira, dada," akasema. "Na mimi ningejuaje?"

Kisha akafanya alichopaswa kufanya mwanzo, pengine, au alichodhani mtu mwingine amekwisha kukifanya. Alimsubiri mzee aamke vizuri, akamuuliza yuko nchi gani. Mzee akasema Qatar. Akamuuliza mwaka gani. Mzee akataja mwaka wa zaidi ya miaka ishirini nyuma. Akampa karatasi achore saa ya ukutani. Mzee, aliyewahi kuchora madaraja, akachora duara safi kabisa bila kutetemeka, kisha akapanga namba zote kumi na mbili upande mmoja, zimebanana kama watu mlangoni pa basi. Akamuuliza amekula nini asubuhi. Mayai, akasema bila kusita. Nilikuwa nimemlisha uji kwa mkono wangu.

Kwa hiyo ugonjwa ulikuwepo. Tulikuwa tumeukamata kwa ushahidi usio wake, maneno ambayo yote yalikuwa kweli. Daktari alinitazama mimi, mimi nikamtazama yeye, na nadhani hakuna kati yetu aliyejua kama tumeokolewa au tumeshindwa. Alipunguza kidonge nusu, baada ya wiki mbili akakiondoa. Kuhusu ofisi, binti aliandika barua fupi kwamba anaridhika na kazi yangu. Sikuulizwa kitu.

Mzee alirudi taratibu. Siku moja nilipokuwa nampima presha akasema, "Kocha, nani alimaliza msimu bila kushindwa akaja kupoteza fainali?" Nikapoteza hesabu, nikapima upya.

Kuanzia hapo niliweka utaratibu. Kila alichosema cha mpira nilimtumia kaka yake kwa simu, naye alijibu kweli au si kweli. Cha nyumbani nilimuuliza binti. Nilidhani sasa nimepata njia, lakini njia yenyewe ilinichanganya zaidi. Mzee alisema mrushaji mkuu wa mpira wa ile timu yake isiyoshindwa alivunjika mguu mapema, na kwamba mchezaji wa karibu miaka arobaini ndiye aliyeiongoza mechi nyingi zilizobaki. Kaka akajibu si kweli, yule mrushaji alicheza msimu wote. Nikajua basi, sasa ugonjwa umefika na huku. Nikashika kalamu. Kisha sijui ni kitu gani kilinifanya nitafute mwenyewe kwenye simu, neno kwa neno, na nikakuta mzee ndiye aliyekuwa sahihi. Nilimtumia kaka. Alikaa nusu siku kabla ya kujibu, akaandika tu kwamba nisimwambie ndugu yake.

Nilimwambia. Alifurahi hata akashindwa kumaliza chakula.

Wiki nyingine ilikuwa kinyume. Alichanganya timu mbili, ile isiyoshindwa kabisa na ile iliyoshinda zote ikapoteza ya mwisho, akazifanya moja, akaieleza vizuri kuliko alivyowahi kueleza chochote. Nilikwisha kujua tofauti ya hizo mbili kufikia hapo. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Niliandika ndiyo, na nikaona aibu, kama mtu anayemsema rafiki.

Ilikuwa mwezi wa tatu, msimu umekwisha, aliponitaka nitoe hukumu. Alisema nimesikiliza vya kutosha. Mimi si wa kwake wala wa kaka yake, kwa hiyo niseme: timu ipi ni kubwa kuliko zote? Kaka yake alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa mezani. Nilijaribu kukwepa nikashindwa. Nikasema mimi nachagua ile timu aliyonisimulia siku moja, iliyofika fainali miaka minne mfululizo na kushindwa yote minne. Nikasema kushindwa fainali nakujua, mtu analia anakwenda nyumbani. Lakini kurudi mwaka wa pili, na wa tatu, na wa nne, na kila mtu anajua kilichokupata, hilo sijui linatoka wapi ndani ya watu.

Mzee alisukuma sahani yake mbali na mimi. Kaka akasema kwenye simu kwamba atapiga siku nyingine. Mpaka nilipoondoka jioni ile mzee hakusema nami tena, nami nilishuka kwenye lifti nikipitia maneno yangu nitafute nilipotukana.

Kaka alinieleza baadaye kwa ujumbe. Ile ilikuwa timu ya kwao. Baba yao aliwapeleka uwanjani kwenye baridi wakiwa vijana, na baba huyo alikufa kati ya fainali ya tatu na ya nne. Baada ya ile ya nne, wawili hao walikubaliana wasiitaje tena katika ubishi wao, wachague timu za watu wengine. Kwa kunisimulia mimi, akasema, hakujua kama ndugu yake alikuwa anavunja ahadi au alikuwa ameisahau. Hata mimi sijui. Nilipomtazama mzee asubuhi iliyofuata hakuonekana kukumbuka hasira yake, au aliikumbuka akaificha, akataka karak.

Mkataba wa binti pale chuoni uliisha mwezi wa sita. Aliamua kumrudisha mzee Marekani kwa kaka wa mzee, nyumba isiyo na ghorofa wala lifti. Kaka alikuja mwenyewe kuwachukua. Nilitarajia mtu mrefu kama mzee, akaja mtu mfupi, mnene, aliyenishika mikono miwili na kushindwa kusema aliyoyapanga. Siku tatu alizokaa, walibishana kila asubuhi, na siku mbili kati ya hizo mzee alibadilisha upande katikati, akasimamia timu ya kaka yake kwa nguvu zote. Kaka hakumrekebisha. Yeye naye akahamia upande wa pili, akaitetea ile isiyoshindwa, ili ubishi usife.

Siku ya safari joto lilikuwa limekwisha kuwa kali, hata kivuli cha jengo kilikuwa kinaunguza. Binti alikuwa anapanga mabegi kwenye gari, kaka anahesabu pasipoti. Mzee alisimama nami mlangoni, amevaa koti asilolihitaji. Alinishika mkono kama mtu anayeaga mtu wa ofisini.

"Jumatatu uko zamu?" akaniuliza.

Nikamwambia ndiyo, niko. Akaridhika, akaingia garini bila kuangalia nyuma. Nilibaki pale kwenye joto nikijiuliza kama nimemdanganya mgonjwa, kosa ambalo tulifundishwa tusilifanye kamwe, au nimemjibu tu mtu aliyeuliza swali la kawaida. Nimelirudia mara nyingi kwenye treni, asubuhi nikienda nyumba nyingine ninayofanya kazi sasa, na sijapata jibu la kuandika.